Mtumikie Labani kwa Nguvu Zako, Lakini Jua Hesabu Yako

Masomo: Mwanzo 29:15–30, 30:25–36, 31:1–55, Kutoka 5, Wakolosai 3:22–4:1



Ujumbe huu niliuhubiri Jumapili iliyopita katika ibada ya pili. Baada ya ibada watu kadhaa walinisimamisha mlangoni na maswali, na wengine wakanipigia simu katikati ya wiki. Kwa hivyo nimeuandika hapa pamoja na majibu niliyowapa.

Katika kanisa hili tumehubiri sana juu ya bidii. Tumemtembelea chungu katika Mithali 6. Tumesoma 2 Wathesalonike 3:10 mpaka watoto wa shule ya Jumapili wanajua kwamba asiyetaka kufanya kazi asingoje chakula. Uvivu ni dhambi, na neno hilo silirudishi nyuma. Lakini nikisimama madhabahuni nikaangalia walioketi mbele yangu, naona nani? Naona soja aliyetoka zamu ya usiku asubuhi hiyo hiyo, sare iko chini ya koti, anapigana na usingizi ili asikie Neno. Naona dada anayefanya kazi ya nyumba ambaye amepewa ruhusa ya saa mbili tu, na kila wimbo ukirefuka anaangalia saa. Naona mwalimu wa shule ya kibinafsi ambaye mshahara wake wa miezi miwili umegeuka kuwa hadithi. Naona fundi wa kushona kutoka EPZ, karani wa duka la jumla, kijana wa mjengo. Hawa ukiwahubiria waache uvivu, unampiga mtu ambaye tayari amelala chini. Shida yao si uvivu. Swali lao ni lingine: bidii inaishia wapi, na kutumiwa vibaya kunaanzia wapi?

Wazee walikuwa na msemo: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Kuna waajiri wanaouishi msemo huo kila siku, na kuna waumini wanaodhani ndiyo Injili. Hebu twende na Yakobo nyumbani kwa Labani tuone kama ni kweli.

Yakobo alifanya kazi kweli

Katika Mwanzo 31:38–41 Yakobo anamsomea mjomba wake hesabu. Amekaa kwake miaka 20. Miaka 14 ilikuwa ya kuwalipia mabinti wawili, na 6 ilikuwa ya mifugo. Mchana jua lilimchoma, usiku baridi ikamla, usingizi ukamkimbia. Hakula kondoo wa bosi kisirisiri. Mnyama wa porini akirarua mmoja, Yakobo alibeba hasara mwenyewe. Wale mnaofanya kazi ya keshia, ambao pesa zikipungua jioni zinatoka kwa mshahara wenu, mnamwelewa Yakobo bila tafsiri.

Na Labani alijua. Katika 30:27 anakiri kwamba amebarikiwa kwa sababu ya Yakobo. Lakini angalia alikiri siku gani: siku ile Yakobo aliyoomba ruhusa aende zake. Kuna sifa zako ambazo hutazisikia mpaka siku unapoandika barua ya kuacha kazi.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni hili: bidii kwanza. Usiyachukue mahubiri haya ukaenda nayo kazini Jumatatu kama rungu, na wewe unafika saa tatu wakati kazi inaanza saa mbili, na nusu ya siku uko kwa simu. Danieli 6:4 inasema adui zake walitafuta kosa katika kazi yake wakakosa. Mtu ambaye kazi yake haina doa ana mahali pa kusimama siku ya kuuliza haki yake.

Mbinu tatu za Labani

Mbinu ya kwanza ni undugu. Katika 29:15 Labani anaanza vizuri kabisa. Anasema Yakobo ni jamaa yake, lakini haifai amtumikie bure, ataje mshahara. Tungesema huyo ni mwajiri mzuri. Miaka ikipita, ule undugu unageuka kamba. Siku hizi kamba hiyo tunaisikia hivi: "Sisi hapa ni familia moja." Wakati wa kubaki mpaka usiku, sisi ni familia. Wakati wa kuomba nyongeza, hii ni biashara. Mpendwa, hata ukiajiriwa na shangazi yako, na hata ukiajiriwa na mtu wa kanisa hili, taja mshahara kabla ya siku ya kwanza.

Mbinu ya pili ni kubadilisha makubaliano kazi ikishafanywa. Yakobo alifanya kazi miaka saba kwa ajili ya Raheli. Asubuhi akaamka na Lea. Baadaye anasema mshahara wake ulibadilishwa mara kumi. Leo unaambiwa, "Miezi mitatu ya majaribio, halafu tutakuthibitisha." Mwaka na nusu umepita na bado unajaribiwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema majaribio yasizidi miezi 6, na yanaweza kuongezwa miezi mingine 6 tu, tena kwa makubaliano yako. Anayekujaribu zaidi ya hapo amesahau, au anakumbuka vizuri sana.

Mbinu ya tatu ni kusogeza mbuzi. Katika 30:34 Labani anakubali: mbuzi wenye madoa na mabaka watakuwa wa Yakobo. Katika mistari ya 35 na 36, siku hiyo hiyo, anawatoa wote wenye madoa, anawapa wanawe, na kuweka mwendo wa siku tatu katikati. Alisema ndiyo kwa mdomo, mikono ikasema hapana. Wewe unayelipwa kwa kamisheni, ambaye kila ukikaribia lengo la mauzo linapandishwa, mbuzi wako wamehamishwa usiku.

Matofali bila majani

Kuna mwajiri mwingine katika Biblia ambaye ni mbaya kuliko Labani. Katika Kutoka 5 Farao aliamuru Waisraeli wasipewe tena majani ya kufyatulia matofali. Wakayatafute wenyewe, lakini idadi ya matofali isipungue hata moja. Hesabu hiyo bado inapigwa Nairobi, Mombasa, Eldoret na Kisumu. Mwenzako anaacha kazi, hakuna anayeajiriwa mahali pake, meza yake inasukumwa karibu na yako. Mshahara ni ule ule. Waliposimama wakamlalamikia Farao, aliwajibu kwamba ni wavivu. Kwa hivyo usishangae: mtu anayefanya kazi ya watu watatu akiuliza swali, anaweza kuitwa mvivu.

Lakini tuwe wa haki. Si kila mzigo mzito ni unyonyaji. Mwezi wa Desemba dukani ni mzito. Biashara changa ina miezi migumu, na kijana anayejifunza kazi hawezi kulipwa kama fundi wa miaka kumi. Nawapa maswali matatu ya kupimia. Je, jambo hili tulikubaliana? Je, linalipwa, ama kwa pesa ama kwa muda wa kupumzika? Na je, lina mwisho unaojulikana? Mzigo wenye majibu matatu ya ndiyo ni kazi ngumu. Ubebe kwa furaha. Mzigo wenye hapana tatu una jina lingine.

Dada mmoja alinijia baada ya maombi ya Jumatano. Aliajiriwa karani katika duka la jumla. Sasa ni karani, ni keshia, anapokea mizigo stoo na kufagia jioni. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi, anafunga saa mbili usiku, siku saba. Aliniuliza akiwa ameinamisha macho, "Pasta, nikiomba siku moja ya kupumzika, si nitakuwa nimemwasi mtu ambaye Mungu amemweka juu yangu?" Nilimuuliza yale maswali matatu. Mlikubaliana? Hapana. Unalipwa ovataimu? Hapana, lakini jioni hupewa mkate. Kuna mwisho? Alicheka tu, kicheko cha mtu aliyechoka.

Nilipindua bahasha ya sadaka nikamfanyia hesabu. Saa 14 mara siku 7 ni saa 98. Agizo la jumla la mishahara hapa Kenya linaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 katika siku sita, na zinazozidi zilipwe mara moja na nusu, au mara mbili ikiwa ni siku ya mapumziko. 98 toa 52 ni 46. Kila wiki alikuwa anatoa saa 46 zaidi, karibu wiki nyingine nzima ya kazi, na mtoto wake alikuwa anamwona akiwa amelala.

Yakobo alifungua mdomo

Angalia Yakobo alivyofanya katika 30:29–33. Hakupiga kelele. Hakuenda kwa majirani kumsema Labani. Alimwendea mwenyewe na hesabu mkononi: ulikuwa na kidogo kabla sijaja, leo ni kingi. Halafu akauliza ni lini yeye naye ataishughulikia nyumba yake. Swali hilo si la uasi. Ni la baba. Kisha akataja mshahara wake, na akataja kitu ambacho kila mtu angeweza kukiona kwa macho: wenye madoa ni wangu, asiye na doa akipatikana kwangu mhesabu ameibwa. Makubaliano yanayoweza kuhakikishwa na mtu yeyote yanamlinda mnyonge, na yanamlinda tajiri pia.

Nilisoma biashara chuo kikuu, na kabla ya kuitwa katika huduma nilikaa katika ofisi ya hesabu ya kampuni moja. Kila mwisho wa mwaka tulihesabu siku za likizo ambazo wafanyikazi hawakuchukua, tukaziandika upande wa madeni: pesa ambazo kampuni inadaiwa. Mlangoni kwetu wangekuja wanaume wazima, kofia mkononi, kuomba siku tatu wakazike mzazi, wakiomba kana kwamba ni msaada. Hawakujua kwamba kwenye vitabu vyetu tayari tulikuwa tunawadai wao? La, wao ndio walikuwa wanatudai sisi, na karatasi ilikuwa imeandikwa hivyo.

Ndiyo maana wahenga wakasema mali bila daftari huisha bila habari. Nguvu zako ni mali. Zifungulie daftari.

Mkataba. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inapaswa kuandikwa. Kama hukupewa karatasi usidhani huna haki: kesi ikifika mahakamani na mwajiri akose kuonyesha mkataba ulioandikwa, sheria inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini.

Saa zako. Nunua kitabu kidogo. Kila siku andika umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, na nani alikuagiza ubaki.

Slipu ya mshahara. Ni haki yako, na isome. Ukiona pesa zimekatwa za NSSF na za SHA, hakikisha pia zimefika huko. Makato yanayotoka kwako na hayafiki ni pesa zako zimepotelea njiani.

Mapumziko. Siku moja katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kwa kila miezi 12. Na hii haikuanzia bungeni. Kumbukumbu la Torati 5:14–15 inampa mtumishi na mjakazi Sabato sawa na bwana wao, na sababu inayotolewa ni kwamba Israeli nao walikuwa watumwa Misri.

Kibarua. Ukifanya kazi kwa mtu huyo siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja au zaidi, sheria haikuhesabu tena kuwa wa kutwa. Inakuhesabu wa mwezi, pamoja na haki zake.

Ukishakuwa na daftari, zungumza. Chagua wakati bosi ametulia, si mbele ya wateja, na si kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Omba jambo moja, si kumi. Mkikubaliana, mwandikie ujumbe mfupi wa kumshukuru na kutaja mlichokubaliana. Kama shida ni ya wengi, msimtume mmoja akaumie peke yake. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, na kila mfanyikazi haki ya kujiunga na chama. Ikishindikana, kuna ofisi ya leba katika kaunti na kuna mahakama ya ajira. Yakobo mwenyewe, katika 31:37, alitaka ndugu zake na ndugu za Labani waketi waamue kati yao wawili. Lakini usikae na madai mpaka yaoze. Kwa kawaida sheria inakupa miaka mitatu.

Yule dada aliandika saa zake mwezi mzima. Kisha akaenda na kitabu. Amepewa Jumapili yake. Ndiyo maana siku hizi mnamwona. Ovataimu bado hajalipwa hata shilingi. Nasema hivyo kwa sababu sitaki mtu afikiri ukifungua mdomo mara moja Bahari ya Shamu inapasuka. Wakati mwingine unapata siku moja kwanza. Na siku hiyo moja mtoto alikula chakula cha mchana na mama yake.

Je, huu ni uasi?

Ndugu mmoja alinisomea 1 Petro 2:18 pale mlangoni: watumishi watii hata mabwana wakali. Aliuliza vizuri, na nilimjibu hivi. Petro aliwaandikia watumwa, watu ambao hawakuwa na ofisi ya leba wala mlango wa kutokea. Aliwafariji kwamba Mungu anaona wakiteswa kwa kutenda mema. Hakusema mateso yale ni mema, wala hakumwambia bwana mkali aendelee. Na Paulo, katika 1 Wakorintho 7:21, anamwambia mtumwa anayeweza kupata uhuru autumie.

Sisi Wapentekoste tunapenda Matendo 16. Tunahubiri usiku wa manane, Paulo na Sila wakiimba, misingi ya gereza ikitikisika. Haleluya! Kisha tunafunga Biblia kabla ya asubuhi. Asubuhi wakubwa wa mji walituma watu wawafungue kimya kimya. Paulo akakataa. Akasema wao ni raia wa Rumi, wamepigwa hadharani bila kuhukumiwa, sasa watolewe kwa siri? Waje wenyewe. Na wakaja, wakawasihi. Mtu yule yule aliyeimba usiku ndiye aliyetaja sheria asubuhi. Roho Mtakatifu hakumwacha kati ya mstari wa 25 na wa 37.

Wakolosai 3:23 inatuambia tufanye kazi kwa moyo kana kwamba ni kwa Bwana. Ndiyo, na tusisahau Bwana ni nani. Bosi wako akipokea jasho lako hapokei nafasi ya Mungu. Mungu unamtumikia bila kumhesabia. Mwanadamu unamtumikia kwa uaminifu, na kwa makubaliano.

Usijilipe kwa mkono wako

Kuna njia ya mkato, nanyi mnaijua. Mshahara ni mdogo, basi mtu anasema mbuzi hula pale alipofungwa. Mafuta kidogo kutoka kwa gari la kampuni, sukari kidogo kutoka stoo, risiti iliyoongezwa. Anaita kujilipa. Raheli alijilipa hivyo: aliiba miungu ya baba yake akaificha chini ya tandiko la ngamia. Yakobo, bila kujua, akaapa kwamba atakayepatikana nayo asiishi. Aliyempenda kuliko wote akawa chini ya kiapo chake.

Labani alipopekua hema zote asipate kitu, ndipo Yakobo akapata nguvu ya kusema. Ukiiba hata kidogo, siku ya kudai haki mdomo utakuwa mzito. Mwajiri atasahau saa zako 46, atakumbuka kilo moja ya sukari.

Kuondoka kwa amani

Kuna wakati wa kuondoka. Lakini usiache kazi kwa hasira ya Ijumaa halafu Jumatatu uje ofisini kwangu kuniambia ni imani. Kodi ya nyumba haingoji ufunuo, na karo pia haingoji. Yakobo aliomba kuondoka, akabaki miaka sita zaidi akijenga kundi lake mwenyewe, mpaka Mungu alipomwambia arudi. Tafuta kazi nyingine ukiwa bado ndani ya ile uliyo nayo. Jifunze ujuzi. Weka akiba hata kidogo. Na ukitoka, toka na cheti chako cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe.

Lakini kama mahali pale unapigwa, au unadaiwa mwili wako ili ubaki na kazi, usingoje miaka sita. Toka, na njoo utuambie. Hapo kanisa hili litasimama nawe mpaka polisi na mpaka kortini.

Hadithi ya Yakobo inaishia kwenye rundo la mawe. Katika 31:44–52 wanafanya agano na kukubaliana kwamba hakuna atakayelivuka rundo lile kumdhuru mwenzake. Kisha wakala chakula pamoja. Asubuhi Labani akawabusu wajukuu, akawabariki, akaenda. Mpaka uliowekwa wazi ndio ulioleta amani. Miaka 20 ya kutowekeana mpaka haikuwa imeileta.

Kwa Labani aliyeketi kanisani

Sasa nazungumza na waajiri, na simaanishi wenye viwanda peke yao. Mwenye duka, mwenye matatu mbili, mwenye shamba, mama mwenye dada wa kumsaidia nyumbani. Tunaweza kumlilia Bwana mkesha mzima atufungulie milango, na nyumbani kuna msichana aliyeamka saa kumi alfajiri na hajui mshahara wake wa mwezi jana utakuja lini. Sheria ya ajira haimtengi mfanyikazi wa nyumbani. Neno pia halimtengi.

Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka maskini alipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, kwa sababu anautegemea mshahara ule. Yakobo wa Agano Jipya, 5:4, anasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Hebu waza: wewe unaomba, na mshahara uliouzuia nao unaomba. Ni maombi ya nani yatatangulia? Wakolosai 4:1 inawakumbusha mabwana kwamba nao wana Bwana mbinguni.

Fanya jambo moja kabla ya Jumapili ijayo. Keti na mtu anayekufanyia kazi, muulize: "Nakudai nini, na wewe unanidai nini?" Andikeni. Lipa. Ukishindwa kulipa yote, mwambie ukweli na mpange siku. Na siku akiondoka, Kumbukumbu 15:13 inasema asiondoke mikono mitupu.

Katika 31:42 Yakobo anamwambia Labani kwamba Mungu aliona mateso yake na kazi ya mikono yake. Aliona vyote viwili. Mungu anayeona bidii yako ndiye anayeona unavyofanyiwa. Kwa hivyo kesho amka, nenda kazini mapema, fanya kazi safi. Na kile kitabu kidogo kiwe mfukoni.

Tuombe

Baba, wakumbuke wanaotoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Uipe mikono yao nguvu na midomo yao hekima. Walio na waajiri wagumu, wafungulie mlango. Sisi tulio na watu chini yetu, utuondolee moyo wa Labani. Katika jina la Yesu. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii

1. Someni Mwanzo 31:36–42. Ni mambo gani Yakobo aliweza kuyasema kwa sababu alikuwa ameyaweka kwenye hesabu?

2. Tumieni yale maswali matatu (tulikubaliana? linalipwa? lina mwisho?) kupima jambo moja la kazini kwako. Usitaje jina la mwajiri.

3. Kuna mtu katika kikundi ambaye hajalipwa, au anaogopa kuzungumza na bosi peke yake? Nani ataenda naye mpaka ofisi ya leba?